Skuta Kuukuu Huishi kwa Daftari



Katika majuma haya nimepokea barua kadhaa zihusuzo skuta ndogo za zamani, zile zenye injini ya mipigo miwili. Mwenzetu mmoja wa Gilgil aandika kwamba skuta yake imekwisha kwenda zaidi ya kilometa 60,000, na kwamba vijana wa bodaboda humcheka kila asubuhi kwa sababu ya moshi wake. Auliza kama yafaa aiuze kwa bei ya chuma chakavu, au kama bado ina maisha ndani yake. Mwingine, mwalimu wa huko Subukia, alalamika kwamba injini yake imefunguliwa na fundi mara tatu katika mwaka mmoja, na kila mara ugonjwa ule ule umerudi kabla mwezi haujaisha.

Kabla ya kuwajibu, yanipasa niseme wazi kwamba mimi si fundi. Mimi ni karani wa Serikali. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzipa nambari na kuziweka katika faili zake. Lakini skuta niipandayo kwenda kazini hapa Nakuru imekwisha kuvuka kilometa 70,000, nayo huwaka kwa kiki ya pili hata katika asubuhi za baridi za mwezi wa Julai. Jambo hilo halitokani na ustadi wangu wa kushika spana, maana ustadi huo ni mdogo. Latokana na daftari moja la bei rahisi liwekwalo chini ya kiti. Jinsi nilivyolianzisha daftari hilo ni habari isiyonipa sifa, lakini nitaieleza, kwa kuwa mwenye kuficha kosa lake humwachia mwenzake alirudie.

Asili ya skuta hizi

Skuta iliyojulikana kuliko zote ni Vespa, iliyoanza kuundwa na kampuni ya Piaggio katika mji wa Pontedera, nchi ya Italia, mwaka 1946. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege. Neno Vespa kwa Kiitaliano maana yake ni nyigu, na mtu aliyepata kusikia mlio wake hahitaji kuelezwa sababu. Mwaka uliofuata, 1947, kampuni ya Innocenti ya Milan ikatoa Lambretta. Baadaye India nayo ikaunda skuta za namna hiyo kwa wingi, na Bajaj Chetak ya mwaka 1972 ni mojawapo. Pikipiki nyingine zenye injini ya namna hii ni zile za kazi za shamba, kama Yamaha AG100.

Siku hizi pikipiki nyingi za abiria zionekanazo barabarani ni za mipigo minne, na vijana wengi wa gereji wamejifunza kazi kwa hizo peke yake. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya mashaka ya wenye skuta za zamani: fundi huitendea kana kwamba ni ndugu ya pikipiki anazozijua, kumbe ni mnyama wa kabila jingine.

Injini isiyo na ghala

Tofauti yake ni hii. Injini ya mipigo minne ina mafuta yake mazito yaliyokaa chini katika bakuli, nayo huzungushwa ndani na kurudi mahali pake. Mwenye pikipiki akisahau kuyaangalia kwa siku chache, bado liko ghala la kumvumilia. Injini ya mipigo miwili haina ghala hilo. Mafuta yake huchanganywa na petroli, yakaingia pamoja na hewa, yakapita chini penye beringi za shafti, yakapanda kulainisha pistoni na silinda, kisha yakaungua na kutoka kwa bomba la moshi. Hayarudi tena. Kila tone hufanya kazi mara moja tu, kama kibarua wa kutwa.

Kwa hiyo skuta hupata mafuta kwa kadiri ile ile inavyopata petroli. Ukiifungulia petroli nyingi, yapata mafuta mengi. Ukiifungia petroli, umeifungia na mafuta yake. Asomaye aliweke jambo hili moyoni, maana karibu mambo yote nitakayoyasema yatoka hapo.

Skuta nyingi za miaka ya 1950 zilitaka sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 20 za petroli. Zile za baadaye, kama Vespa nyingi zilizoundwa baada ya mwaka 1960, zaridhika na sehemu 1 kwa 50, yaani asilimia 2. Yamaha katika mwaka 1964 walianza kutumia pampu ndogo ivutayo mafuta kutoka katika tangi lake pekee, na skuta nyingine za baadaye zina pampu ya namna hiyo. Mwenye pampu asidhani kwamba amepumzika, bali aangalie tangi lake la mafuta kila ajazapo petroli.

Jambo lililotupata njia ya Elburgon

Miaka minne iliyopita, siku ya Jumapili, nilikuwa nikirudi Nakuru pamoja na mke wangu kutoka Molo, tulikokwenda kuwaamkia wazazi wake. Molo uko juu, karibu meta 2,500 kutoka usawa wa bahari, na Nakuru uko karibu meta 1,850. Basi njia ile, ijapokuwa ina vilima vyake, kwa jumla yashuka. Nilikuwa nimenunua lita nne za petroli, na mafuta nilikuwa nayo katika chupa kuukuu ya maji ya kunywa. Chupa ilikuwa karibu kwisha. Nikamimina kilichokuwamo, nikaitikisa skuta, nikajiambia kwamba kidogo hicho chatosha kutufikisha nyumbani.

Tulipita Elburgon salama. Baada ya hapo barabara ilianza kuteremka, nami, kama afanyavyo kila mtu apendaye kubana matumizi, nikaufunga mkono wa petroli nikaiacha skuta ishuke yenyewe ikiwa katika gia ya nne. Nilijiona mwerevu. Injini ilikuwa ikizunguka kwa kasi, wala haikuwa ikipata petroli. Na kwa kuwa haikupata petroli, haikupata hata yale mafuta machache niliyoyatia.

Kabla hatujafika Njoro nilisikia mlio kama wa kisu kikikwaruza sufuria, na mara hiyo hiyo gurudumu la nyuma likasimama. Pistoni ilikuwa imenata katika silinda. Skuta iliserereka upande hata ikatoka katika lami. Nilikumbuka kuivuta klachi, lakini nilikumbuka kwa kuchelewa. Mimi nilichubuka goti. Mke wangu aliangukia mkono, na kifundo cha mkono wake wa kulia kikavunjika. Namshukuru Mungu kwamba wote wawili tulivaa kofia ngumu, na kwamba hapakuwa na gari nyuma yetu.

Mke wangu ni mshonaji wa nguo. Kwa majuma saba cherehani ilikaa imefunikwa kitambaa, na ilikuwa ndio msimu wa sare za shule. Fedha zilizopotea hapo hazina ulinganisho na mafuta yale niliyoyadhulumu skuta, ambayo hayangejaza kikombe kidogo cha kahawa.

Hakunilaumu. Jioni ile, mkono wake umekwisha kufungwa plasta, aliniuliza neno moja tu: "Baba watoto, ulitia mafuta kiasi gani?"

Nikamjibu, "Ya kutosha."

Akasema, "Ya kutosha ni nambari gani?"

Sikuwa na jibu. Ofisini siwezi kupokea barua pasipo kuandika tarehe na nambari yake, na karani wa chini yangu akisema ya kwamba stempu ni "za kutosha" humrudisha akazihesabu. Lakini chombo kilichobeba uhai wa mke wangu nilikuwa nimekipimia kwa macho. Daftari lilianza kesho yake.

Kipimo kisichodanganya

Mtu asipime mafuta kwa kifuniko cha chupa, wala kwa macho. Mimi natumia bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano yake, kama lile linalouzwa katika duka la dawa. Kwa skuta itakayo asilimia 2, hesabu yake ni nyepesi hata mtoto wa darasa la tatu aweza kuifanya: bomba moja kwa kila lita. Lita tatu, mabomba matatu. Lita tano, mabomba matano, yaani mililita 100. Mwenye skuta ya zamani zaidi, itakayo sehemu 1 kwa 20, atatia mililita 50 kwa kila lita. Asiyejua skuta yake yataka kiasi gani na atafute kitabu chake au amwulize mwenye skuta ya mwaka na namna ile ile, wala asibahatishe.

Ni vema kuchanganya katika kopo safi na kulitikisa kabla ya kumimina katika tangi. Kama huna kopo, tia mafuta kwanza, kisha petroli ifuate juu yake ili iyakoroge. Skuta iliyokaa siku nyingi bila kwenda na itikiswe kabla ya kuwashwa.

Tumia mafuta yaliyotengenezwa kwa injini za mipigo miwili, kama yale yanayotiwa katika misumeno ya moto ya kukatia miti. Mafuta meusi yaliyomwagwa kutoka katika motokaa usiyapokee hata ukipewa bure, maana yamejaa takataka na vumbi la chuma. Tena usidhani kwamba kuzidisha mafuta ni kuipenda skuta zaidi. Mafuta yakizidi, plagi hulowa, masizi hujaa, na petroli yenyewe hupungua katika mchanganyiko, kwa kuwa nafasi yake imechukuliwa na mafuta.

Katika mteremko mrefu, kama ule wa kushukia Subukia au ule wa Mai Mahiu, usizime injini wala usiondoe gia, kwa maana breki peke yake zaweza kupata moto na kushindwa. Shuka kwa gia, lakini kila baada ya muda mfupi vuta klachi, ufungue mkono wa petroli kidogo injini ipate kunywa, kisha uachie klachi tena. Na vidole viwili vikae daima juu ya mkono wa klachi. Ukisikia injini yavutwa nyuma au mlio umebadilika, vuta klachi mara moja, usogee kando, uiache ipoe.

Vumbi letu na miinuko yetu

Nchi yetu hii ya Bonde la Ufa ina mambo mawili ambayo waliobuni skuta hizo kule Italia hawakuwa nayo mbele ya macho yao.

La kwanza ni vumbi. Wengi husimulia kwamba jina lenyewe la Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Udongo wetu umechanganyika na majivu ya milima ya moto ya kale, na huko Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna machimbo ya ule mwamba mweupe uliofanywa kwa maganda ya viumbe vidogo vya majini. Mwamba huo hutumiwa viwandani kwa kuchujia na hata kwa kusugulia vyuma. Sasa, ndugu msomaji, kitu kinachoweza kusugua chuma kiwandani kitashindwaje kusugua silinda yako? Vumbi likipita katika kichujio cha hewa huungana na mafuta likawa kama msasa, likala pistoni, ringi na silinda kidogo kidogo, na kilometa 20,000 zikawa kama 60,000.

Basi kichujio na kisafishwe. Kile cha waya huoshwa kwa petroli safi, nje ya nyumba na mbali na jiko na sigara, kikaanikwa mpaka kikauke. Kile cha sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, kikakaushwa, kisha kikapakwa mafuta kidogo na kukamuliwa. Mimi hufanya hivyo kila kilometa 1,000, na wakati wa kiangazi kila 500. Kamwe usiendeshe bila kichujio kwa kuwa kijana fulani amekuambia skuta itapata nguvu.

Jambo la pili ni miinuko. Hapa Nakuru hewa ni nyepesi. Ukilinganisha na Mombasa, imepungua karibu sehemu moja katika tano. Kule Timboroa, palipo karibu meta 2,700, imepungua zaidi ya robo. Kabureta iliyowekwa sawa kwa nchi ya pwani itatia petroli nyingi mno kwa hewa ya huku, na skuta itakohoa na kutoa moshi mweusi. Kwa hiyo mafundi wa huku huweka jeti yenye kitundu kidogo zaidi, nao wafanya vema.

Lakini mwenye skuta iliyowekewa jeti ndogo akiteremka kwenda Marigat, safari ya karibu kilometa 100 kupitia Mogotio, atafika mahali palipo karibu meta 1,000 tu. Huko hewa ni nzito na jua ni kali. Petroli iliyotosha Nakuru sasa ni haba kwa hewa ile, injini yapata moto kupita kiasi, na pistoni yaweza kunata ijapokuwa mafuta yalipimwa sawasawa. Mwenye kufanya safari hiyo mara kwa mara na awe na jeti mbili, kubwa kwa huko na ndogo kwa huku. Asiye nazo na aende pole pole, apumzishe skuta njiani.

Plagi husema kweli

Fundi aweza kukosea, na mwenye skuta aweza kujidanganya, lakini plagi haisemi uongo. Ifungue baada ya mwendo wa kawaida, injini ikiwa imepoa kidogo, uitazame ncha yake. Ikiwa na rangi ya kahawia kama kahawa ya maziwa, mambo ni sawa. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu, petroli au mafuta yamezidi, au kichujio kimeziba. Ikiwa nyeupe kama majivu, injini yapata hewa nyingi na petroli kidogo, nayo ni hatari. Usiende mbali mpaka sababu imepatikana. Nafasi ya plagi kwa skuta nyingi hizi ni karibu milimeta 0.6. Beba plagi moja mpya daima, na spana yake.

Hapa namrudia mwalimu wetu wa Subukia. Asema kwamba kila mara skuta yake hukimbia yenyewe hata mkono wa petroli ukiwa umefungwa, kisha hupata moto na kupoteza nguvu; na kila mara fundi hubadilisha ringi na kusafisha kabureta. Mwalimu, siwezi kuiona injini yako kutoka hapa, lakini dalili hizo mara nyingi ni za sili iliyochakaa. Shafti ya injini ina sili mbili za mpira, moja kila upande. Ile ya upande wa sumaku ikichakaa, huingiza hewa kwa siri: injini hukimbia yenyewe, plagi huwa nyeupe, na joto hupanda. Ile ya upande wa klachi ikichakaa, injini huvuta mafuta ya gia na kuyaunguza: moshi mweupe huwa mwingi, na mafuta ya gia hupungua pasipo kuvuja chini. Sili ni kitu kidogo cha bei nafuu, lakini kuifikia huhitaji kufungua. Kwa hiyo injini ikifunguliwa kwa sababu kubwa yo yote, badilisha sili zote mbili na gasketi, hata kama zaonekana nzima.

Masizi na mambo mengine

Kwa kuwa mafuta huungua ndani, masizi hayana budi kujikusanya juu ya pistoni, katika kichwa cha silinda, katika tundu la kutolea moshi, na ndani ya bomba lenyewe. Skuta iliyozibwa hivyo hupoteza nguvu polepole hata mwenyewe asitambue. Hudhani kwamba imezeeka, na kumbe imezibwa pumzi tu. Mimi huondoa masizi kila kilometa 8,000. Kwa kazi hiyo tumia kijiti cha mti mgumu, wala si bisibisi, ili usiikwaruze pistoni, na uangalie vipande visianguke ndani.

Mafuta ya gia hukaa peke yake na hayachanganyiki na haya tuliyoyasema. Katika Vespa nyingi ni robo lita tu, ya unene wa SAE 30. Kwa kuwa ni machache, yabadilishwe kwa wakati. Mimi hufanya hivyo kila kilometa 5,000.

Magurudumu ya skuta ni madogo, na shimo ambalo pikipiki kubwa hulivuka hulimeza gurudumu lako. Punguza mwendo mahali pasipojulikana. Tena kuna jambo ambalo limewajeruhi wengi: rimu ya skuta nyingi ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati. Kabla ya kulegeza nati hizo, toa upepo wote katika tyubu. Anayezifungua tyubu ikiwa imejaa huenda akapigwa na rimu usoni.

Waya za klachi, gia na breki zitiwe mafuta, na waya ulioanza kukatika nyuzi usisubiriwe ukatike wote. Siku yangu ya njia ya Njoro imenifundisha kwamba waya wa klachi ni waya wa uhai.

Yaliyomo katika daftari

Daftari langu lina safu sita: tarehe, kilometa, lita za petroli, mililita za mafuta, kazi iliyofanywa, na jina la aliyeifanya. Kujaza mstari mmoja huchukua nusu dakika penye kituo cha petroli. Hapo mwanzo nilidhani kwamba faida yake ni kunikumbusha siku za kusafisha kichujio na kubadilisha mafuta ya gia. Baadaye nikaona faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Skuta yangu kwa kawaida huenda kama kilometa 35 kwa lita moja. Mwaka jana daftari lilionyesha kwamba imeshuka hata 28. Sikuwa nimesikia mlio wo wote mbaya, wala plagi haikuwa na ila. Nilipochunguza, nikakuta breki ya nyuma haiachii sawasawa, na ngoma yake imeanza kubadilika rangi kwa joto. Nambari zilikuwa zimeuona ugonjwa kabla ya masikio yangu.

Tena daftari humsaidia hata fundi. Ukimpelekea skuta na kumwambia "imeharibika," ataanza kubahatisha kwa fedha zako. Ukimwonyesha kwamba ringi zilibadilishwa kilometa 3,000 zilizopita na ugonjwa umerudi, ataziacha ringi na kutafuta penginepo.

Auze, au asiuze?

Sasa namjibu mwenzetu wa Gilgil. Kilometa 60,000 peke yake si hukumu ya kifo. Silinda iliyochakaa yaweza kuchongwa na kuwekewa pistoni kubwa kidogo. Beringi, sili na klachi hubadilishwa. Lakini baada ya kazi hiyo skuta iendeshwe kwa upole katika kilometa 500 za kwanza, wala isilazimishwe mlima kwa kasi.

Kitu cha kuangalia zaidi ni mwili wake. Skuta za namna ya Vespa hazina fremu ya mabomba. Mwili wenyewe wa bati ndio fremu. Inua mpira wa sakafu, uitazame bati chini yake. Kama kutu imekula hata bisibisi yapenya, hasa karibu na mahali pa breki ya mguu na pale mwili unapoungana na shingo, basi usitie fedha katika injini. Iuze kama vipuli, na umweleze mnunuzi ukweli. Kama bati ni zima, na injini haigongi chini, itunze.

Bali kuna swali moja ambalo ni wewe peke yako uwezaye kulijibu: je, utapima? Mtu asiyependa kupima hafai kuwa na skuta hii, hata kama ni mpya kutoka kiwandani. Yafaa anunue ya mipigo minne yenye ghala lake la mafuta, wala hakuna aibu katika hilo. Kuhusu vijana wanaokucheka, moshi wao waweza kuwa na haki kidogo: moshi mwingi si desturi ya skuta iliyo nzima, bali ni barua inayosema kwamba mafuta yamezidi au sili imechoka. Isome barua hiyo kwanza, kisha uone kama watacheka.

Mke wangu alirudi katika cherehani yake, ijapokuwa siku za mvua kifundo bado humwuma. Bado hupanda skuta pamoja nami kwenda Molo, lakini kwa sharti lake. Tukifika kituoni, yeye ndiye ashikaye bomba la mililita 20, nami nashika daftari. Huhesabu kwa sauti mbele ya watu wote: moja, mbili, tatu, nne. Ndipo hufunga kifuniko na kupanda.

Juma lijalo, mungu akipenda, nitaeleza jinsi ya kuhifadhi betri ya motokaa na taa za skuta wakati wa masika. Wenye maswali na wayalete mapema, wakitaja namna ya chombo, mwaka wake na kilometa zilizokwendwa. Na asiyejua kilometa zake aanze leo kuziandika.